Safu ya Korongo

Mwanzoni mwa miaka ya tisini niliajiriwa kuhesabu wanyama. Machimbo ya mawe yalikuwa nyuma ya mashamba ya chai, mwendo mfupi kutoka Kaplong, na mwenye machimbo alitakiwa kuonyesha kila mwezi kwamba baruti zake hazijafukuza viumbe wote. Kila Ijumaa nilizunguka shimo na fomu zangu, buti za mpira miguuni, wachuma chai wakinicheka: "Karani wa nyani, leo wote wamefika kazini?"

Fomu ilikuwa na safu ya nyani, ya pimbi, ya paa, na ya mwisho ya korongo wenye taji. Nilijaza zote isipokuwa hiyo ya mwisho.

Korongo ni ndege wa ukoo wetu. Kwa Wakipsigis kila ukoo una mnyama wake, na huyo ni ndugu. Ndugu hahesabiwi, kama vile watoto wasivyohesabiwa, kwa sababu ukitaja idadi yao umekiita kifo kije kupunguza. Nilikuwa na cheti cha sekondari na niliamini hivyo, na sijui kama nimeacha. Baba alikuwa mgonjwa wa kifua. Kila asubuhi tulimtoa nje kwa kiti awasikie wakilia kwenye kinamasi chini ya shimo. Nilipomweleza habari za fomu alisema, "Wengine hesabu. Hao wetu wacha." Basi nikaiacha safu wazi, nikatia sahihi, nikajiona mjanja.

Nilifanya hivyo miezi mingi. Siku moja nikakuta vijiti vyenye rangi nyekundu vimechomekwa katikati ya kinamasi. Shimo lilikuwa linapanuliwa. Nilikimbia hadi ofisini na matope yangu.

Meneja, mtu wa kutoka wilaya nyingine, hakuwa mbaya. Ndiyo maana bado namkasirikia. Alizitoa fomu zangu zote akazipanga mezani.

"Dada, si ni wewe ulisema hakuna korongo?"

"Sikusema hakuna. Sikuandika."

"Na hiyo si ni kitu moja?" Alishika simu. "Sawa. Kama wako, niambie ni ngapi. Nipe namba, nipigie wakubwa saa hii, tingatinga isimame."

"Wako," nilisema.

"Wangapi?"

Nilijua. Huwezi kupita mahali kila Ijumaa usijue. Namba ilikuwa mdomoni, lakini nilimwona baba kwenye kiti chake akivuta pumzi kwa shida, na mdomo ukakataa. Nilijawa na hasira: kwa meneja, kwa baba, kwa shule iliyonifundisha kuhesabu, na zaidi kwangu mwenyewe.

"Wengi," nikasema.

"Wengi si namba, dada." Akarudisha simu mahali pake.

Tingatinga liliingia Jumatatu. Asubuhi ya Jumanne tulimtoa baba nje kama kawaida. Alitega sikio upande wa kinamasi, kisha akaniuliza kama masikio yake nayo yameanza kuharibika. Nilimdanganya kwamba ni mafua.

Ijumaa nilirudi shimoni na fomu zangu, maana kazi nyingine sikuwa nayo. Nilipofika safu ya mwisho sikusita. Hakuna aliyewahi kunikataza kuandika sifuri.