Maharagwe ya Adélaïde

Mwaka ule pesa ya Zaïre ilipoteza thamani kati ya asubuhi na jioni, na shule ya masista ikaanza kurudisha nyumbani watoto wasiolipiwa karo. Adélaïde, mjane aliyeuza maharagwe sokoni Nyawera, alimwona binti yake akija na sare safi, analia. Akamwachia jirani biashara, akapanda hadi shuleni.

"Sista, walimu wanakula nini?" alimuuliza Sista Agnès, mkuu wa shule.

"Wanakula shida, maman. Serikali hailipe tena, ndiyo tunaomba wazazi walipe walimu."

"Basi sisi tuko na maharagi, tuko na mihogo. Mupokee ile."

Sista akauliza: "Walimu nitawaambia nini?"

"Uwaambie wakuje na vikapu."

Jumatatu akina mama wa wanafunzi walijaa uani mwa shule, mizigo migongoni, Adélaïde akipima kwa kopo lake. Mwalimu Floribert aliona haya kubeba kikapu mbele ya wanafunzi wake. Wanafunzi wakampokea kikapu wenyewe, wakamsindikiza hadi kwake wakiimba. Binti alirudi darasani siku hiyohiyo. Mama yake akashuka sokoni akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.