Gario na Lebo za C Arobaini

Kwa uaminifu wa uwanjani, Gario Magtibay hakuwa na mpinzani katika mji wetu wote wa Taytay. Mchezo wetu wa bunduki za umeme, zinazorusha punje za plastiki, hauna refa anayeweza kuona kila kitu. Punje haiachi rangi wala jeraha la maana. Ikikugusa, wewe mwenyewe unanyanyua mkono, unasema "Nimepigwa," unatoka. Wapo wanaojifanya hawajahisi kitu. Gario alinyanyua mkono hata kwa punje iliyogusa kamba ya kiatu, nasi tulimtania kwamba siku moja atatolewa uwanjani na mbu.

Siku za kazi alitengeneza betri za bunduki hizo chumbani kwake, kando ya mfereji, na huko uaminifu wake ulikuwa mfupi. Kila betri ina namba yenye herufi C. Namba hiyo inasema betri inaweza kutoa umeme kwa kasi gani bila kujiumiza. Unaizidisha kwa ukubwa wa betri. Betri ya ampea-saa moja na nusu yenye C ishirini inatoa ampea thelathini bila wasiwasi. Yenye C kumi inatoa kumi na tano, basi. Sasa mtu akifunga springi ngumu ili bunduki yake ipige mbali, mota inadai ishirini na tano, hata thelathini. Betri dhaifu haikatai. Inatoa tu, inapata moto, inavimba ndani ya nailoni yake, na ikishavimba si ya kurudishwa kwenye chaji.

Gario alinunua betri za C kumi, akazivua nailoni, akazivisha nyingine nyeusi na lebo aliyoichapisha mwenyewe: C 40.

"Kaka Gario, hii arobaini ni ya kweli?" nilimuuliza.

"Lebo zote zinadanganya, bwana. Za dukani zinadanganya kwa wino mzuri. Nikikuandikia kumi, utachukua?"

"Sichukui."

"Basi niache nifanye kazi."

Ukuta wa mbao nyembamba ulimtenganisha na Aling Sidra, yaani Bi Sidra, mama mzee aliyeoka bibingka, mikate ya mchele na nazi, kwa jiko la makaa. Mumewe, Mang Pino, alikuwa amepooza upande mmoja na hakuweza kutoka kitandani bila kuinuliwa. Kila Jumapili Sidra alifunika makaa kwa majivu, akamwachia mzee redio, akaenda kuuza mlangoni pa kanisa.

Jumapili moja ya mwezi wa Machi nyumba kumi na moja ziliungua kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulikuwa uwanjani. Tuliporudi mbio, mfereji wote ulikuwa umefunikwa na majivu, na Mang Pino walikuwa wameshamfunika kwa shuka ya mtu.

Waliokuja kuchunguza chanzo waliona jiko, wakauliza kama lilikuwa na makaa, Sidra akajibu ndiyo. Ikaishia hapo. Hakuna aliyemtukana. Hakukuwa na haja, alijitukana mwenyewe. Tulipohamishiwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa, alimwambia kila aliyepita kitanda chake, "Mimi ndiye niliyemchoma mzee wangu." Hakutaka kuona kiberiti. Wenzake wakipika, alihamia kona ya mbali na kugeuza uso.

Gario ndiye aliyemlisha. Kila asubuhi alimletea uji wa mchele wenye tangawizi, akakaa mpaka amalize. Tukasema huyu ana utu kweli.

Mwezi wa Mei timu zetu zikaandaa mchezo wa kuwachangia waliounguliwa. Kipindi cha pili kilikuwa kimya, kila mtu amejibanza nyuma ya pipa lake, mara Gario akasimama wima na kunyanyua mkono.

"Nimepigwa."

Bitoy wa timu pinzani akachungulia. "Nani kakupiga? Sisi hatujafyatua. Hii betri ya arobaini uliyoniuzia imekufa toka saa ile."

"Nimepigwa," akarudia. Akapita mahali pa kupumzikia waliotolewa, akapita geti, mkono bado juu. Nilidhani jua limempiga. Nikamfuata kwa pikipiki, akapanda nyuma, akanielekeza kwenye ule uwanja wa kikapu.

Aling Sidra alikuwa akikunja nguo za msaada. Gario akapiga magoti mbele yake.

"Aling Sidra, haikuwa jiko lako. Ni betri yangu. Mteja aliirudisha imevimba, nikaichomeka kwenye chaji nione kama itapona, nikaenda kucheza. Ilikuwa kwenye rafu, ukutani kwenu. Mabaki yake niliyatupa mferejini kabla hawajaja kuchunguza."

Nilitamani kumpiga teke. Sidra aliendelea kukunja.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Kwenye mazishi ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Aling Sidra."

"Ulibeba jeneza upande wa kichwa. Nikakuambia bora ningeungua mimi. Ukanishika mkono, ukasema Mungu ananisamehe." Akaweka nguo chini. "Ulikuwa unamuombea nani?"

Gario alilia kwa sauti mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwendea. Kisha akaenda mwenyewe kwa kiongozi wa mtaa, na mpaka leo yuko rumande akisubiri kesi.

Jioni ile nilichana lebo ya betri yangu. Nilijua chini yake sitakuta kitu ila nailoni nyeusi, lakini niliichana.

Asubuhi yake Aling Sidra aliniita. Alikuwa amepata jiko la kuazima, makaa yamepangwa vizuri, unga wa mchele umeshakorogwa kwenye bakuli.

"Una kiberiti, mwanangu?"

Nikampa. Akatoa njiti moja, akaishika juu ya ubavu wa kisanduku. Akaishusha, akapumua, akajaribu tena, na mara hii kisanduku kikamdondoka.

"Najua si mimi," akasema. "Nimesikia kwa masikio yangu."

Akaniokotea kiberiti, akanirudishia.

"Washa wewe," akasema, akaenda kusimama kule konani, uso ukutani, mpaka makaa yaliposhika.