Kiyoyozi cha Baba Mkwe

Wifi yangu Doreen alikijua chumba cha baba yangu kuliko mimi ninayekifagia kila asubuhi, na alikuwa hajawahi kukanyaga ndani yake. Alijua urefu na upana wake, dirisha linatazama wapi, na ukuta upi unabaki na moto hata jua likishazama. Yote hayo nilimpelekea mimi, neno kwa neno, kwa sababu kwetu mkwe wa kike hakai alipo baba wa mume wake. Hamtazami, hamsemeshi, wala hataji jina lake. Siku hizi wengi wamelegeza. Utawaona kanisani wakipeana mikono kana kwamba walisoma darasa moja. Kwa baba yangu, Mzee Anyitike wa hapa Ikolo, hakuna kulegeza. Na Doreen, ambaye hata si Mnyakyusa kama sisi, ameushika utaratibu huo kuliko sisi tuliozaliwa nao.

Yeye ni Mkisi, mzaliwa wa Ikombe, kule ng'ambo ya Matema ambako wanawake wanafinyanga vyungu na kuvisafirisha kwa mtumbwi kwenda mnadani. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Doreen anasema alipokuwa mdogo alimuuliza mama kwa nini maji ya kwenye mtungi ni baridi kuliko ya kwenye ndoo, mama akamshika mkono na kuupitisha kwenye tumbo la mtungi, akamwambia, "Unatoka jasho, ndiyo maana." Jibu hilo lilimkaa kichwani mpaka akamaliza kidato cha nne. Wenzake walichagua ushonaji na upishi, yeye akaenda chuo cha ufundi Mbeya kusomea majokofu na viyoyozi, msichana peke yake kati ya wavulana kumi na tisa. Ukimtania kuhusu kazi yake anakujibu kwamba mama yake aliuza ubaridi kabla yake.

Aliporudi alianza na mafriza ya wauza samaki pale Kyela mjini, kisha nyumba za wageni za Matema zikamjua, kisha akaolewa na mdogo wangu Godwin, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Sasa ni miaka kumi na moja. Nikiri hapa kwamba mwanzoni nilimwonea wivu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kuwa ndiye msomi wa familia, halafu anakuja binti mwenye spana mfukoni ambaye watu wanamfuata kwa pikipiki kutoka Ngonga.

Baba hakuipinga ndoa. Kazi ndiyo iliyomsumbua. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwita jina lingine zaidi ya "mke wa Godwin," na alipotaka kunichokoza aliniuliza, "Mke wa Godwin bado anapanda ngazi?"

"Bado, Baba. Na hajaanguka."

"Ataanguka," alijibu, na kuendelea kula.

Mwaka jana, Novemba, joto lilikuja kabla ya mvua. Asiyeijua Kyela anadhani joto ni jua tu. La kwetu linakuvaa. Nguo ulizoanua asubuhi zimelowa mchana bila tone la mvua. Baba ana miaka sabini na tisa na moyo wake umechoka. Akaacha kulala. Kila nilipoingia alfajiri nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limeganda mgongoni, anatazama miguu yake. Daktari alitupa dawa na kutuambia waziwazi: mzee huyu asipolala, dawa hizi hazitasaidia. Wiki ya tatu alikuwa anapasua matunda ya kakao uani, usingizi ukampitia akiwa ameshika panga, akajikata kiganja. Niliona damu kwenye mbegu nyeupe za kakao na nikaogopa kweli. Jioni ile nilimpigia Godwin simu nikilia.

Godwin akampa simu mke wake.

"Wifi, usilie," Doreen aliniambia. "Chukua kalamu."

Akaanza maswali. Chumba kina ukubwa gani? Nikachukua futikamba nikapima: mita tatu na nusu kwa tatu. Dirisha linatazama wapi? Magharibi. Kuna silingi bodi? Hakuna, ukitazama juu unaona bati. Kati ya ukuta na bati kuna nafasi? Ipo, popo wanapita. Analala na nani? Peke yake, tangu mama alipofariki. Kuna nini kingine ndani? Magunia manne ya kakao kavu. Taa zinafifia jioni watu wakianza kupika? Zinafifia. Halafu akaniambia nimwombe Baba aweke kiganja kizima kwenye kila ukuta saa kumi alasiri na kusema upi una moto zaidi. Baba alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, lakini akaenda, akaweka.

"Huu wa mlangoni una nafuu," alisema. "Mwambie mke wa Godwin ukuta wa dirisha unaweza kuchemsha uji."

Siku mbili baadaye Doreen akatoa jibu. Kwanza silingi na kuziba ile nafasi ya popo, kwa sababu bati ndilo jiko lenyewe. Magunia yatoke. Kisha kiyoyozi kidogo, cha BTU elfu tisa, ndicho kipimo chao cha nguvu ya kupoza, aina ya inveta, ambayo haizimi ghafla na kuwaka ghafla bali inapunguza mwendo na kuendelea polepole, na inavumilia umeme unaopungua. Kifungwe ukuta wa mlangoni, kisipulize kitandani.

Hapo ndipo kaka yetu mkubwa Wilson alipoingia. Wilson yuko Dar es Salaam, ni kifungua mimba, na anampenda Baba kwa sauti kubwa. Alipiga simu siku hiyohiyo, nikaiweka spika ili Doreen naye asikie kwenye simu yangu ya pili. Ndiyo kazi niliyokuwa nimebaki nayo, kuwa waya.

"Elfu tisa? Shemeji, hiyo wanafunga kwenye vibanda vya simu," Wilson alisema. "Mzee ametulea watoto sita. Natuma ya elfu ishirini na nne."

"Shemeji, kwa chumba kile ni kubwa mno," Doreen alimjibu kwa adabu. "Itapoza haraka na kuzima kabla haijakausha hewa. Joto la huku nusu yake ni maji. Baba atalala kwenye baridi yenye unyevu."

"Kubwa haijawahi kuwa tatizo," Wilson akasema, akakata.

Nilimpelekea Baba maneno ya pande zote mbili. Nilijitahidi kuwa mwaminifu, ingawa sauti ya Wilson niliifanya ya kijinga kidogo. Baba alifikiri, kisha akasema mzaliwa wa kwanza akimletea baba yake kitu, hakirudishwi. Mambo yakaishia hapo. Doreen aliposikia aliniuliza tu kama kidonda cha mkono kimefunga.

Mashine ikaja kwa basi, ndefu kama jeneza la mtoto, na fundi mwingine kutoka mjini akaifunga siku moja bila kupima chochote. Silingi hakugusa. Magunia yalibaki. Aliponipa rimoti aliniambia niweke nyuzi kumi na sita, ndiyo "kiboko."

Kilichofuata ni kile alichokisema Doreen, karibu kwa mpangilio uleule. Mashine ilivuma, dakika chache chumba kikawa baridi, ikazima. Bati likashusha moto, ikawaka tena kwa kishindo, taa za nyumba nzima zikafifia. Asubuhi kuta zilitoka maji. Blanketi lilikuwa na ubichi, magunia ya kakao yalianza kunuka ukungu, na Baba sasa alikuwa halali na magoti yanamuuma pia. Wilson akipiga simu, Baba anasema, "Ni nzuri, mwanangu. Ndaga fijo, asante sana." Akishakata anatazama miguu yake.

Siku ya tisa nilimkuta anatetemeka ndani ya blanketi lililolowa, na nje jua limeshachoma majani. Hasira ilinipanda. Sijawahi kumfokea baba yangu, lakini siku hiyo nilimfokea.

"Baba, unakufa kwa heshima ya Wilson! Katika nyumba hii kuna mtu mmoja tu anayeijua kazi hii, na ndiye mtu pekee usiyemsikiliza. Alikwambia haya yote kabla mashine haijapanda basi!"

Nilitegemea anifukuze. Alikaa muda mrefu anaikunja na kuikunjua ile bendeji mkononi.

"Kesho nakwenda Ngonga kwa mdogo wangu," alisema mwishowe. "Nitaondoka alfajiri, nitarudi jioni. Chumba kitakuwa wazi."

Ilinichukua muda kuelewa. Hakusema Doreen aje, wala hakumtaja. Alikuwa anatoka kwake siku nzima, na moyo ule mbovu, ili mke wa Godwin aweze kuingia.

Doreen alifika saa moja asubuhi na Godwin, bodi za silingi zikiwa juu ya bajaji ya mizigo. Mlangoni alisimama. Alivua viatu, akajifunga kanga kichwani, ndipo akavuka kizingiti. Nilidhani atashangaa, lakini alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa dirisha na kuuwekea kiganja kizima, kama Baba alivyofanya. Kisha akatazama kitanda, Biblia, koti la mama ambalo Baba hajakubali litolewe msumarini. Macho yalimlowa.

"Wifi," alisema, "hukuniambia kuhusu koti."

"Koti linahusiana nini na kiyoyozi?"

"Lisipigwe na upepo," alijibu, akaenda ukuta wa mlangoni na kuweka alama ya penseli ya mashine mkono mmoja kulia kuliko alivyokuwa amepanga.

Walifanya kazi bila kukaa. Godwin alishika ngazi, mke wake yuko juu na drili, na mimi nikamwambia mdogo wangu kwamba hatimaye nimeona anachofaa. Magunia tuliyahamishia stoo. Mashine ya Wilson ilishushwa nzima; Doreen alikuwa ameshaelewana na nyumba ya wageni ya Matema ambayo ukumbi wake wa chakula unaihitaji hasa, nao wakamwachia ndogo mpya ya elfu tisa waliyokuwa wameinunua kwa makosa, na hiyo ndiyo aliyoifunga. Wilson nilimpigia mwenyewe. Alifoka, kisha akauliza kama Baba anaumwa sana. Nilipomjibu, aliniambia nifanye anavyosema shemeji.

Kabla hajaondoka Doreen alichana karatasi kwenye daftari langu la maandalio, akaandika kwa herufi kubwa ambazo mzee anaweza kuzisoma bila miwani, na kuibandika karibu na rimoti: BABA, WEKA 26. USISHUSHE. FUNGA DIRISHA. Katika miaka kumi na moja hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa baba mkwe wake. Aliyatazama, akauliza kama hayana ukali. Nilimwambia yana ukali wa kutosha.

Baba alirudi jioni. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaenda kufunga dirisha.

Asubuhi Doreen alikuwa uani kwetu mapema, eti amesahau bisibisi. Akajiweka nyuma ya vichanja vya kuanikia kakao, akawa anageuzageuza mbegu zilizokuwa zimegeuzwa tayari. Saa moja Baba hakutoka. Saa mbili hakutoka. Baba yangu hajawahi kulala mpaka saa mbili tangu nizaliwe. Saa tatu kasorobo nilimtazama Doreen; alikuwa ameacha kugeuza mbegu.

"Nenda, wifi," aliniambia. "Mimi siwezi. Nenda!"

Nilisukuma mlango. Hewa ilikuwa kavu na tulivu, mashine inanong'ona, koti la mama limetulia msumarini. Baba alikuwa chali, mdomo wazi. Nilisimama pale mpaka nikasikia akikoroma. Nilitoka nimeziba mdomo kwa mikono miwili, nikamwonyesha Doreen kwa kichwa kwamba yu hai, amelala tu, naye akachuchumaa palepale kwenye kakao.

Ilikuwa karibu saa nne Baba alipotokea mlangoni na alama za mto shavuni. Doreen akageuka haraka, akampa mgongo, kanga imefunika kichwa. Kati yao zilikuwepo hatua kumi. Baba aliona ile kanga ya rangi ya chungwa nyuma ya kichanja, maana hakuna mtu ambaye asingeiona, akageuza uso kutazama mgomba na kupaza sauti.

"Prisca! Mwambie fundi nimelala."

Fundi. Nilimtazama Doreen. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, lakini sauti ilipotoka ilikuwa ileile ya kazini.

"Wifi, muulize aliweka ngapi."

Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo.

"Ishirini na sita," alijibu Baba, akarudi ndani kutafuta viatu vyake.