Aya ya Watoto wa Mzee Nkwabi

Ninayoyaeleza hapa yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa mzima wa mwili na akili, katika chumba ninachofanyia kazi nyumbani kwangu mjini Bariadi. Sikusimuliwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni mkufunzi, tena si mwenyeji wa Simiyu; nililetwa huku na kazi. Kwa kuwa nafundisha Kiswahili, majirani wakifiwa huniomba niwaandikie wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya maziko. Safari hii aliyefiwa alikuwa Mayunga, mwenzangu wa kazini. Baba yake, Mzee Nkwabi, mkulima wa pamba wa Kasoli, nilikuwa sijapata kumwona hata kwa picha. Mayunga alinieleza habari za mzee kwa simu, akanitajia watoto akianza na yeye mwenyewe, akasema angepita kabla ya magharibi kuchukua nakala. Maziko yalikuwa kesho yake.

Niliandika bila shida mpaka nilipofika kwenye aya ya watoto. Hapo skrini ya kompyuta ikaanza kucheza: inafifia, inawaka, inafifia. Wewe ungefikiri nini? Nilifikiri ni umeme. Lakini taa ya dari ilikuwa imetulia, na stabilaiza haikulia. Katika kutafuta hitilafu nina kanuni moja: badili kitu kimoja, angalia, ndipo ubadili kingine. Nikakaza waya wa picha, ikacheza. Nikahamishia plagi kwenye soketi nyingine, ikacheza. Nikaleta monita ya mke wangu kutoka chumba cha pili; nayo ikacheza vilevile. Nikafungua waraka mwingine, ikatulia kabisa. Nikarudi kwenye wasifu, ukurasa wa kwanza, bado imetulia. Nikashuka mpaka kwenye aya ya watoto, ikaanza tena. Niamini, hakuna hitilafu ya vyombo inayojua kusoma.

Ndipo nikasikia hodi. Aliingia mzee mrefu, amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali. Akanisalimu, "Mwadila, Mwalimu," nikaitikia kwa kadiri ya Kisukuma changu. Alisema ametoka msibani Kasoli, na kwamba amesikia mimi ndiye ninayemwandika Nkwabi. Akaomba nimsomee.

Nilipofika kwenye neno "mkarimu" alicheka mpaka akakohoa.

"Mkarimu nani? Huyo akiona mgeni barabarani, anaswaga kuku wote ndani."

Nikasoma kwamba marehemu alipenda amani. "Kamuulize jirani yake," akasema, "siku ng'ombe walipoingia kwenye pamba."

Nilielewa mara moja, kama ambavyo nawe ungeelewa: huyu ni mtani. Nani mwingine angemsema hivyo mtu ambaye hajazikwa, tena kwa kicheko? Watani wana haki hiyo misibani, na hakuna anayekasirika. Kwa hiyo sikumwuliza jina wala ukoo.

Kisha akaitazama skrini ilivyokuwa ikicheza, na kicheko kikaisha. Akaielekeza kwa mkono wa kulia, na nikaona kwamba kidole cha shahada kimebaki kipande.

"Waya zako nzima, Mwalimu. Hiyo aya ndiyo mbovu. Minza hayumo."

Nilimwuliza Minza ni nani. Alinieleza taratibu, bila utani sasa, kwamba ni binti wa Nkwabi aliyezaliwa nje ya ndoa, akalelewa kwa mama yake huko Sola. Nyumbani Kasoli jina lake halitajwi. Kesho angekuja akae nyuma kabisa kama mgeni. Mshereheshaji huwaita watoto kutia udongo kaburini kwa kufuata wasifu, na asiyeandikwa haitwi.

"Baba yake hajawahi kumwita mbele za watu," akasema. "Mwandike wa kwanza. Ndiye mkubwa."

Nikaandika. Skrini ikatulia. Nilipogeuka kumwonyesha, kiti kilikuwa kitupu, na mlango sikuusikia.

Mayunga alipofika alisoma mpaka hapo, akaniuliza nani kanipa jina hilo. Nikamwambia ni mtani wao, mzee mrefu mwenye kidole kilichokatika. Uso ulimbadilika. Alinyoosha mkono, akalifuta jina la dada yake. Skrini ikaanza kucheza. Tulikaa pale, watu wazima wawili, tukiitazama.

"Lirudishe, Mwalimu," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Kile kidole kilikatwa na mashine ya kuchambua pamba. Huyo ni baba."

Kesho yake, wakati wa kuaga mwili, niliutazama ule uso ndani ya jeneza. Ulikuwa wenyewe.

Mshereheshaji alipomwita Minza binti Nkwabi, mtoto wa kwanza, watu waligeuka kutafuta ni nani. Mama mmoja aliyekaa nyuma, karibu na masufuria, alimwuliza jirani yake kama ni yeye anayeitwa. Kisha akasimama. Alishika udongo kwa mikono miwili, akakaa nao muda mrefu kabla ya kuuachia.

Tangu hapo siandiki wasifu kwa kusimuliwa kwenye simu. Nakaa na wafiwa, na wakimaliza kutaja watoto nawauliza, "Na wengine?" Kisha nanyamaza, nikiangalia nani anainamisha macho. Nawe ukipewa kazi hii, waulize walio hai mpaka waseme. Usimlazimishe marehemu kuja kujibu mwenyewe.