Makapi ya Mpunga Chini ya Lori

Wiki hii mvua ilinikuta Kamembe, nikajikinga kwenye gereji ya mama mmoja mjane. Mpangaji wake, dereva wa lori la samaki wa chumvi, aliingiza gari likichuruzika maji ya chumvi sakafuni. Akachukua ndoo kusuuza.

“Usimwange mayi, Papa,” mama alisema, akaishika ndoo kwa mikono miwili. “Itapeleka chumvi ndani ya simenti.”

“Maman, hii ni sakafu, haiko kitanda ya mutoto.”

Mama aliinama, akakwaruza sakafu kwa ukucha, akamwonyesha unga wa kijivu, simenti iliyokwisha kuliwa na chumvi. “Bwana yangu aliimwanga hii simenti na mikono yake, mbele ya kufa. Batoto hawana kitu ingine ya baba yao.”

Kisha akatandaza gunia zima la makapi ya mpunga kutoka Bugarama, yanywe maji yale, ayafagie asubuhi.

Dereva aliyatazama yakilowa. Akapanda tena lori, akalisogeza taratibu mpaka tairi zote zikakanyaga makapi.

“Hapa, Maman?”

“Hapo.”

Wengi wetu tunawakumbuka marehemu wetu kwa picha ukutani, na vumbi lake hatulifuti. Mama huyu huifagia sakafu ya mumewe kila asubuhi.