Muulize, Usimwombe

Muuguzi aliyemzalisha mama yangu alipojifungua mdogo wetu wa mwisho, kwenye zahanati ya misheni upande wa Nkoma, alikuwa mtawa kutoka Hispania. Alikaa kwetu miaka mingi, akazoea kusalimia kwa Kisukuma bila kubabaika. Alipougua alirudishwa kwao, na baada ya miezi michache padre akatangaza kanisani kwamba amefariki.

Mama alinifuata Bariadi, nilikokuwa nafundisha Kiingereza sekondari. Chai niliyompa hakuimaliza.

"Yule ana mama yake," akasema. "Mwandikie, mpe pole. Halafu muulize kaburi la mwanawe liko wapi, nijue."

Anwani padre alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa lugha, maana yule bibi alijua Kihispania tu. Lakini ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wameshaingia na mitumba imejaa mnadani, na kwenye rundo la mitumba nilikuwa nimeokota kamusi ya Kiingereza na Kihispania isiyo na jalada. Nikaona inatosha. Maneno ya mama niliyageuza kwanza kuwa Kiingereza, kisha nikatafuta moja moja. Nilipofika kwenye "ask", kamusi ikanipa mawili: *preguntar* na *pedir*. Hakukuwa na mfano wala maelezo. Nikachukua *pedir* kwa kuwa ni fupi.

Jibu lilikuja baada ya masika. Nililisoma kwa kamusi, jioni mbili nzima.

"Unaniomba kaburi la binti yangu," bibi aliandika. "Nimelia sana. Siwezi kukupa, amelala kando ya baba yake. Lakini kama mnapo mahali mnapozika watu wenu, mtengeeni nafasi hapo, muweke jiwe. Nitafurahi kujua kuna watu wawili wanaomlilia kama mama."

Nikarudi tena kwenye nusu ya pili ya kamusi, ile inayoanza na Kihispania. *Pedir*: kuomba, kusihi. Nikaona aibu nikiwa peke yangu. Mama alikuwa ameniambia "muulize", hakusema "mwombe". Kiswahili kinatenganisha mambo hayo, Kisukuma cha nyumbani kinayatenganisha, na kumbe Kihispania nacho vilevile. Mimi ndiye niliyezunguka kwenye Kiingereza, lugha niliyoiamini kuliko mdomo wa mama yangu.

Jumamosi nikaenda Nkoma, nikamsomea barua, nikamweleza kosa langu. Aliendelea kuchambua mchele.

"Kwa hiyo anadhani nilimwomba?"

"Ndiyo, mama. Nitamwandikia nimsahihishe."

"Umwambie kwamba mwanawe sikumtaka?"

Nikaikunja barua.

"Acha hivyo hivyo," akasema.

Wiki iliyofuata wajomba walibeba jiwe kutoka mlimani wakaliweka kwenye makaburi ya ukoo, karibu na bibi yangu mzaa mama. Mama alifagia pale mwenyewe. Nikaandika barua ya pili, kila neno nimelikagua pande zote mbili za kamusi, nikamweleza bibi jiwe lilivyo na akina nani wamelala jirani. Kosa sikulitaja.

Alituandikia kila Pasaka, mwandiko ukizidi kutetemeka, hadi mwaka ambao barua haikuja.