Herufi Kubwa Tupu

Dada mtu alitolewa shule, hata herufi hajazijua, ili mdogo wake asome. Huo ndio udhalimu, na hakuna kitambaa cha kuufunika. Baba yao aliutamka mlangoni, mkono kiunoni: "Wewe ni mkubwa, shika cherehani. Huyu akisoma atakufundisha." Na yule mdogo, mapengo tele mdomoni, akaapa kwamba atamfundisha.

Alimfundisha, ndiyo. Herufi kubwa za Kiingereza, basi: hukaa mwanzo wa sentensi, kwenye jina la mtu na la mji, kwenye siku na mwezi. Kisha akaenda bweni, ada yake ikitoka kwenye pindo za magauni ya watu, na somo lile hakulirudia tena.

Dada mtu akawa fundi wa kutarizi vitambaa vya kutundika ukutani. Kwa kuwa alizijua herufi kubwa tu, alizitarizi kwanza hizo, kwa uzi mnene. Ndogo alizifuata baadaye moja moja, kama kuku adonoavyo punje, akipita juu ya mchoro asioujua.

Mwezi uliopita mdogo mtu, sasa mwalimu mkuu, alileta kitambaa cha mahafali, maneno ya Kiingereza yamechorwa kwa chaki. Aliporudi kukikagua, fundi alikuwa amemaliza kubwa zote.

"Hii imesimama peke yake katikati ya sentensi," fundi akasema, akigusa kijiti kimoja kinene. "Ni jina la nani?"

"Si jina, dada. Maana yake 'mimi'. Kwa Kiingereza 'mimi' huwa kwa herufi kubwa popote pale."

"Na 'wewe'?"

"Ndogo. Labda ianze sentensi."

"Ala! Ndiyo maana lugha hiyo imekukaa mwilini, mwenzangu."

Mwalimu akacheka. Fundi hakucheka.

"Nifundishe hizo ndogo. Leo. Uliapa."

"Kwa umri huu, dada? Usomee nini? Samaki hukunjwa angali mbichi."

"Na aliyenikausha ni nani? Moto ulionikausha mimi ndio uliokuivisha wewe!"

"Usinipandishie sauti. Mahafali ni kesho."

Fundi akakata uzi kwa meno, akakikunja kitambaa, akamsukumia mikononi. "Beba. Nimeshona ulichonifundisha."

Kesho yake kilitundikwa ukumbini hivyo hivyo, herufi kubwa zimetawanyika kama meno ya kizee, kati yake chaki inayopukutika. Wageni wakanong'ona. Mwalimu akawaambia fundi aliugua ghafla.

Hakuugua. Yupo kibarazani kwake, mzima wa afya, na mume wake anamwimbia kila asubuhi kwamba damu ni nzito kuliko maji, mama, yaishe. Hayaishi. Baba alishakufa, na maiti hadaiwi. Mwalimu mkuu yu hai, ana ubao, ana chaki, na njia ya kuja anaijua. Anadaiwa herufi ndogo zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na azilete kwa miguu yake mwenyewe.